Shilingi Yatima

Saa nane usiku, Kijitonyama. Feni imesimama,
umeme umekwenda zake bila kuaga,
kompyuta ina asilimia thelathini na moja
na Nuruel ameleta mistari mia mbili na arobaini.

Mia mbili na arobaini! Juzi tu alikuwa ananiuliza
kitanzi kinafungwaje.
Leo ameandika mgao wote wa mwisho wa mwaka
wa vikoba tunavyovihudumia, Mbagala hadi Bunju.
Majaribio yamepita, kijani tupu,
msimbo umenyooka kama sare ya Jumatatu.

Nasoma polepole. Sina haraka, wala sina kahawa.
Mstari wa mia moja na kumi na tisa
nikakuta jina:
shilingi_yatima.

Ndiyo ile inayobaki
ukigawa milioni moja kwa kina mama ishirini na saba,
haina mwenyewe, haigawiki, hailali.
Na chini yake maelezo, neno kwa neno:
"yatima alale kwa aliyejiunga mwisho."

Mtu mmoja tu namjua aliyeandika hivyo.
Rwechungura. Dawati lililopakana na langu, Makumbusho,
miaka ile tukichangia modemu moja na sahani moja ya chipsi mayai.
Aliuandika kwa ajili ya wakulima wa kahawa wa kwao Karagwe,
akauacha wazi kwa kila apitaye,
na juu kabisa, kabla ya mstari wa kwanza, sharti lake:
Chukua. Tumia. Badili utakavyo.
Jina langu libaki,
na utakachokizaa nacho kiachwe wazi kama hiki.

Machi tulimsindikiza hadi Kayanga.
Sharti lake hatukulizika.

Nikampigia Nuruel. Akapokea; kijana halali.
"Umeandika mwenyewe?"
"Nimeandika na akili mnemba, dada."
"Yenyewe imetoa wapi?"
Kimya. Mbwa wa jirani. Jenereta ya baa, kule Sayansi.
"Si imetunga tu?"

Imetunga. Haya.
Imemeza wali, sahani na mwiko,
imecheua wali mtupu,
mpishi haonekani.
Na sisi tuna leseni yetu nyepesi, isiyomuuliza mtu kitu,
ndiyo iliyowavutia benki kutoka Posta.
Wamejenga juu yetu ghorofa mbili, wamefunga milango,
na kila robo mwaka mwanasheria wao ananiandikia:
thibitisha hakimiliki ya kila mstari.
Nami husaini. Nimesaini mara kumi na moja.

Basi nifute, niandike upya kwa mkono wangu.
Nikafungua faili tupu. Vidole vikaanza:
gawa, shika baki, baki mpe…
vikasimama.
Maana nami nililimeza hilo hilo,
kwenye dawati lile, yeye akigonga meza kwa kalamu:
"Baki si takataka, bibie. Baki ni mtu."
Sasa mkono wangu msafi ni upi?

Tofauti yangu na mashine ni ndogo kama shilingi yenyewe:
mimi naweza kusema nilikula kwa nani.
Sijui kama mahakama inaipokea hiyo.
Sijui hata kama inanitosha mimi.

Asilimia nne.
Mistari ya Nuruel sijaikubali, sijaikataa.
Nimeandika chini yake, kwa Kiswahili,
benki na watafute mkalimani:
"Yatima huyu ana kwao. Mjane anaitwa Kokuteta.
Kesho tumpigie kwanza."

Kisha kioo kikazima.
Nikabaki nahesabu gizani kama mtoto wa darasa la tatu,
milioni moja kwa ishirini na saba,
milioni moja kwa ishirini na saba,
inabaki moja.